Fomu ya Makao Makuu

Wameniletea fomu. Ina safu sita, na nafasi finyu ya kuandika:
"Taja mambo ya nje yanayozuia simu zetu kuenea katika eneo lako."
Eneo langu ni Tukuyu. Nje kunanyesha.
Nikaanza na hilo: nje kunanyesha,
tangu Jumanne, na mlima Rungwe sijauona siku ya nne leo,
wala mnara uliopachikwa begani mwake.

Safu ya sheria haikunisumbua.
Ombi letu la kupitisha sauti kwenye intaneti
lilikwenda Dodoma na mihuri mitatu, likarudi na swali moja:
sauti ni bidhaa, au ni huduma?
Nikajibu, huduma.
Wakatutoza kama bidhaa.

Umeme huku unapita kwenye miti iliyokufa,
na miti iliyo hai haijasahau undugu.
Upepo ukishuka kutoka Poroto
mkaratusi mmoja huegemea waya, kama mlevi amkumbatiaye shemeji,
na kuanzia Katumba hadi Ushirika tunanyamaza wote.
Jenereta ninayo. Mafuta yamepanda
kwa vita nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani.
Dola ikipiga chafya huko iliko
kamasi zinanitoka mimi, na kifurushi cha buku kinasinyaa.

Wapinzani wapo. Kijana wa mtaa wa chini
anauza dakika kwa nusu ya bei yangu, na peremende juu.
Lakini hana benchi.

Benchi ni la Bibi Atuganile.
Kila Jumamosi, maziwa yakiisha kwenye ndoo,
anakuja kumpigia Asangwile, mwanawe,
anayepaka meli rangi Gdansk, mji ambao yeye anauita "Kudanzi"
kana kwamba ni kijiji cha mbele ya Kiwira.
Ofa yetu ni dakika tatu bure.
Bibi anauliza umelalaje, mguu je, mwenye nyumba je,
theluji imekaa wapi, nani anakupikia,
anaeleza ng'ombe alivyozaa, nani alishika taa,
na kabla ya "ndaga" ya kwanza ofa imekwisha.
Hakuna safu ya hili. Nikaandika pembeni, kwa penseli:
salamu zetu ni ndefu kuliko ofa yenu.

Jumamosi iliyopita ukungu ulifika hadi mlangoni.
Asangwile akatokea, kofia ya sufu, bomba nyuma yake,
akafungua mdomo,
akaganda.
Nikanyoosha kidole nikate, nipige upya. Akanishika mkono:
"Usimfunge. Mwache hivyo hivyo nimtazame."
Akamtazama.
Mvua ilipiga bati, mtu akaja kununua vocha akaondoka,
chai yake ikafanya utando.
Dakika arobaini na moja.
Kwenye hesabu za kampuni inasomeka sifuri.

Akafunga khanga, akauliza bei.
Nikamwambia hakuna bei, Bibi, hamkuongea.
Akaniangalia kama mtu aliyedharauliwa,
akaacha mia tano juu ya benchi.
Hiyo nayo, wakubwa, niingize wapi?
Uchumi? Teknolojia?
Ipo hapa kwenye kopo, haina risiti.

Nimemaliza kujaza. Mtandao haujarudi.
Nimeitia fomu kwenye bahasha ya kaki,
nimempa kondakta wa basi la saa kumi na moja,
akaisokomeza chini ya mkungu wa ndizi:
kesho mchana mtu ataipokea Mbeya,
aipige picha, awatumie ninyi.

Ila nafasi ya mwisho, "mengineyo", nimeiacha wazi.
Akitoka, Bibi alisimama kizingitini
akaukunja mdomo wake uwe kama ule wa mwanawe.
"Neno gani," akaniuliza, "huanza hivi?"
Sikujua.
Usiku huu, taa ya kandili, kioo cha kunyolea,
nami naukunja wangu.